Kuku Anayenyonyoka Manyoya Wakati wa Kipupwe

Kunyonyoka manyoya ni badiliko la kawaida katika maisha ya kuku aliyekomaa, ambapo manyoya yaliyochakaa hudondoka yenyewe na mapya kuchipua mahali pake, na kuku wengi hulipitia kikamilifu kwa mara ya kwanza wanapokaribia umri wa mwaka mmoja na nusu. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako usiku wa Juni na Julai huweza kushusha jalidi juu ya majani ya Makete na Njombe, badiliko hilo likiangukia kipupwe humkuta kuku akiwa nusu uchi katika majira asiyoweza kuyamudu bila manyoya. Hapo ndipo mfugaji wa kuku wachache wa nyumbani hukosea, kwa kuwa humdhania mgonjwa kuku aliye mzima, akamnywesha dawa asizozihitaji na kumpunguzia chakula anachokihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Chanzo kikuu cha badiliko hilo ni nuru, wala si baridi. Ndege hupokea habari za urefu wa mchana kwa macho na vilevile kwa chembe maalumu zilizomo ndani ya ubongo, ambazo hufikiwa na mwanga unaopenya ngozi na fuvu la kichwa. Mchana unapofupika, homoni za uzazi hupungua, mayai hukoma, na tezi ya thiroidi iliyo chini ya shingo huchochea kuota kwa manyoya mapya. Mjini Njombe, tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni takriban saa moja, kiasi kidogo kikilinganishwa na tofauti ya saa nyingi wanayoishi nayo kuku wa Ulaya. Kwa sababu hiyo kuku wa huku hawanyonyoki wote kwa pamoja kama wale wa kaskazini, ambao huanza majira ya mchana kufupika yanapowadia. Kila mmoja huwa na wakati wake, na kwa wengi wa kienyeji wakati huo hufika baada ya kuatamia na kulea vifaranga, mwili ukiwa tayari umekonda. Mtetea aliyeangua mwezi wa Aprili, basi, anaweza kuingia kipupwe akiwa na mizigo miwili, wa uzazi uliopita na wa manyoya yajayo.

Kumtofautisha anayenyonyoka na mgonjwa si kazi ngumu kwa mwenye kutazama. Manyoya ya asili huanza kudondoka kichwani na shingoni, yakafuata ya kifuani na mgongoni, kisha ya mabawa na mkia, na upande wa kulia hufanana na wa kushoto. Aidha, palipo wazi huonekana vichipukizi, yaani manyoya machanga yaliyofungwa ndani ya ala nyembamba kama miiba ya nungunungu. Undu, ambacho ni kinyama chekundu cha utosini ambacho baadhi ya watu hukiita upanga, hupauka na kusinyaa kwa sababu kuku hatagi, lakini kuku mwenyewe hula, hunywa na kuchakura. Penye vipara visivyo na vichipukizi, hasa kuzunguka njia ya haja, pachunguzwe chawa. Manyoya yaliyokatika mgongoni kwa kawaida ni kazi ya jogoo. Na kuku aliyejikunyata, asiyegusa chakula na anayeharisha kijani hana uhusiano wowote na somo hili, kwani huyo huenda ameshikwa na mdondo na anastahili kutengwa mara moja.

Lipo jambo jingine ambalo wachinjaji wa haraka hawalijui. Kila bawa la kuku kwa kawaida lina manyoya makubwa 10 ya kurukia, na kila moja huchukua kiasi cha wiki 6 kukua. Mtagaji hafifu huanza kunyonyoka mapema na kuyaangusha moja moja, hivyo hukaa miezi mingi bila yai, ilhali mtagaji hodari huchelewa kuanza, kisha huangusha kadhaa kwa mkupuo na kumaliza upesi. Kuku anayetisha kwa ubaya wa sura, aliyebaki kama aliyetoka kwenye maji ya moto, mara nyingi ndiye aliyekuwa akilijaza kapu la mayai, na kumchinja kwa sababu ya sura hiyo ni hasara.

Chakula ndicho kiini cha matunzo. Unyoya umeundwa karibu wote kwa protini, hasa ile ngumu iitwayo keratini, ambayo pia huunda kucha na mdomo, na ambayo haiundiki bila asidi amino zenye salfa, yaani viungo vidogo vya protini kama methionini na sistini. Pumba za mahindi, ambazo ndizo chakula kikuu cha kuku wengi wa nyumbani, zina protini ya kiasi cha asilimia 10 tu, na kuku anayezitegemea peke yake hunyonya nyama ya kifua chake mwenyewe ili aote manyoya. Mchanganyiko wa siku hizo unafaa kufikia asilimia 18 hadi 20, na njia nyepesi ya kuufikia ni kuongeza dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa vizuri, kwa maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia mmeng'enyo wa protini, pamoja na mchwa na funza wanaopatikana shambani. Wafugaji wengi huwaogopa dagaa kwa kuwa huweza kuyatia mayai shombo. Hofu hiyo haina nafasi hapa, maana kuku hatagi. La kuangaliwa ni kwamba dagaa wasiwe wa chumvi, na wale walioanikwa juu ya mchanga wapepetwe kabla ya kusagwa. Kwa upande wa chokaa, chakula cha watagaji chenye kalisi nyingi hakimfai asiyetaga. Ni afadhali maganda ya konokono au chokaa ya mifugo iwekwe katika chombo cha pembeni, kila kuku ajichukulie kwa kadiri ya haja yake.

Baridi huongeza hesabu nyingine. Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41, na bila manyoya ya kuushika huo ujoto, sehemu kubwa ya chakula huteketea kwa kuulinda. Punje za mahindi zikitolewa jioni, muda mfupi kabla ya kupanda vichanjani, hujaza gole, ambalo ni mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, na kumeng'enywa polepole usiku huku zikitoa joto. Asubuhi maji yabadilishwe kwa ya uvuguvugu, kwani kuku hupunguza kunywa maji baridi sana, na asiyekunywa hali. Kuku wa kishingo, ambao shingo zao ni tupu kwa maumbile, pamoja na vidimu, ambao manyoya yao yamejikunja na hayalali juu ya ngozi, wapewe nafasi ya kwanza katika haya yote, kwa sababu maumbile yanayowafaa wakati wa joto huwatesa wakati wa baridi.

Banda linatakiwa kuwa kavu kwanza, kisha la joto, wala mpangilio huo haufai kugeuzwa. Wengi huziba kila tundu kwa magunia, na matokeo yake ni unyevu wa pumzi pamoja na harufu kali ya amonia, hewa inayotoka kwenye kinyesi, ambayo huunguza macho na mapafu. Matundu ya hewa yawe juu, chini ya paa, ili unyevu utoke bila upepo kumpiga kuku aliyelala. Kuta za usawa wa vichanja ndizo za kuzibwa. Sakafuni patandazwe maranda au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 10 au zaidi, nayo yapinduliwe na kubadilishwa yanapolowana. Kichanja kiwe bapa na kipana kiasi cha kuku kufunika vidole vyake kwa kifua. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika banda lililofungwa: hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kuku, na aliyeingia kuwatazama huweza kufa pia.

Kuhusu kumshika, ushauri ni mfupi. Vichipukizi vina damu ndani na ngozi inayovizunguka huuma, kwa hiyo asikamatwe bila sababu, asioshwe, wala asipuliziwe dawa za wadudu zilizotengenezwa kwa ng'ombe. Kichipukizi kikivunjika na kutoka damu, kibanwe kwa unga wa mahindi au wa muhogo hadi damu ikome, na kuku atengwe, kwa sababu wenzake huvutwa na wekundu na kudonoa. Katika nchi za baridi wamekuwapo wanaowafumia kuku fulana za sufu. Ni huruma iliyopotea njia, maana vazi hilo husugua manyoya machanga na kulowana mvuani. Antibiotiki nazo haziotishi manyoya, na pesa ya pakiti moja inatosha kununua dagaa wa siku kadhaa.

Kazi yote huchukua kwa kawaida kati ya wiki 8 na 12, na zaidi kwa waliokonda. Dalili ya mwisho wake ni undu kurudia wekundu. Hapo ndipo chakula cha watagaji kirejeshwe, na mayai yanayofuata huwa machache kuliko ya mwaka wa kwanza, lakini makubwa zaidi.