Kimondo Kisicho na Jamaa

Twaulizwa mara nyingi kama ni halali Mkristo kukigusa kimondo cha Mbozi, kwa kuwa ni nyota iliyoanguka. Nyota haianguki, kimondo ni kipande tu cha mwamba wa angani. Hiki cha Mbozi, katika mkoa wa Songwe, kina uzito wa tani 16 hivi na urefu wapata mita 3. Habari zake zilienea mwaka 1930, alipokiona mpima ardhi W. H. Nott. Katika sehemu 100, sehemu 90 ni chuma, na karibu 9 ni nikeli.

Vimondo vingi vya chuma vyatoka katika miamba mikubwa ya angani iliyoyeyuka hapo kale. Chuma, kwa uzito wake, kikazama katikati, kikapoa polepole muda wa mamilioni ya miaka. Kisha miamba ikagongana, ikavunjika. Wataalamu huvipanga vipande hivyo kijamaa, kwa kupima nikeli, galiamu na germaniamu. Vikipatikana vitano vilivyofanana, huitwa kundi. Cha Mbozi hakimo katika kundi lolote. Ni kama yatima: mwamba uliokizaa haujulikani.

Basi kiguseni bila hofu. Ila msikikate, maana tangu 1967 kinalindwa na Serikali.