Ubao wa Vita, Uso wa Mtakatifu: Nafasi ya Maada katika Ikoni za Oleksandr Klymenko

Makala hii inafafanua namna mchoraji wa Ukraini, Oleksandr Klymenko, anavyoitumia turathi ya sanaa takatifu ya kale kuvizungumzia vita vya zama zake. Tangu mwaka 2014, yeye na mkewe, Sonia Atlantova, wamekuwa wakichora ikoni, yaani picha takatifu za Kanisa la Mashariki, juu ya mbao za masanduku ya risasi yaliyotoka katika uwanja wa mapambano mashariki mwa nchi. Hoja kuu ni kwamba ubao huo ni sehemu ya maana ya picha.

Kwa kawaida, ubao wa ikoni huimarishwa mgongoni kwa vipande viwili vya mti ili usipinde. Kisha hupakwa tabaka za chaki na gundi, ndipo huchorwa kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Usuli wake mara nyingi huwa wa dhahabu, ishara ya nuru ya mbinguni. Jadi hii iliingia Kyiv kutoka Bizanti. Michoro ya vijiwe ya karne ya 11 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Sofia ni ushahidi wake.

Kifuniko cha sanduku la risasi nacho huwa na vipande vya mti vilivyokingamishwa, na Klymenko aliutambua mfanano huo. Nyuso anazozichora zinafuata kanuni ya kale: zimetulia na zinamkabili mtazamaji. Hata hivyo, mahali pa dhahabu pameachwa mbao tupu, pamoja na misumari, bawaba na mikwaruzo.

Je, kanuni imekiukwa? Katika karne ya 8, Yohane wa Damasko alizitetea ikoni kwa hoja kwamba maada yaweza kubeba neema. Kwa msingi huo, ubao uliobeba mauti haustahili kutengwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba alama za vita zaweza kugeuka pambo la kumvutia mnunuzi. Jibu limo katika matumizi ya mapato: mauzo yameifadhili hospitali tembezi ya madaktari wa kujitolea, hivyo sanduku lililobeba risasi huchangia tiba ya waliojeruhiwa.

Kwa hiyo, mtafiti anayeuchunguza upande uliochorwa pekee atakuwa ameacha nusu ya ushahidi. Mgongo wa ubao nao unapaswa kusomwa.