Dhahabu, Mwanga na Baridi Yabisi

Jina la kitu linaweza kuongoza fikra au kuzipotosha. Ugonjwa wa viungo uitwao baridi yabisi ni mfano mwafaka. Neno yabisi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kikavu au kigumu. Hivyo basi, ni rahisi kwa mvuvi wa Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, anayekesha ziwani, kuulaumu umande vidole vyake vinapokakamaa. Hata hivyo, chanzo cha ugonjwa huu si baridi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na viini vya maradhi pekee, huvishambulia viungo vyenyewe, vikavimba na hatimaye kulemaa.

Katika kaunti jirani ya Migori, watu huchimba dhahabu kule Macalder. Madini hayo yana historia katika tiba ya maradhi haya. Mnamo mwaka 1929, daktari Mfaransa Jacques Forestier alieleza manufaa ya sindano za chumvi za dhahabu. Chumvi hizo ziliwadhuru baadhi ya wagonjwa ngozi na figo, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na methotreksati. Dawa hii nayo huenea mwili mzima, na inaweza kudhuru ini na uboho.

Je, dawa itafikishwaje kwenye kiungo kinachougua? Mwaka 2013, watafiti wa Korea Kusini waliirejea dhahabu, safari hii ikiwa chombo cha kubebea dawa. Waliitia methotreksati ndani ya chembe zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu ya bilioni ya mita, wakazifunika upande mmoja kwa dhahabu. Zikidungwa mshipani, chembe hizo hujikusanya kwenye kiungo kilichovimba, kwa kuwa mishipa yake ya damu huvuja. Kisha kiungo humulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho lakini unaopenya ngozi. Dhahabu huugeuza mwanga huo kuwa joto, nalo joto huharakisha kutoka kwa dawa.

Panya wa maabara walipata nafuu kwa kipimo kidogo sana cha dawa. Binadamu bado hawatibiwi kwa njia hii. Aidha, mwanga huo hufifia kadiri unavyozama mwilini, hivyo unaelekea kufaa vidole kuliko nyonga. Wala dhahabu ghafi ya Macalder si dawa.

Kwa hiyo, anayeamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vikabaki vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, aende hospitali mapema. Gegedu na mfupa vikishaliwa havirudi. Jina la ugonjwa lataja baridi, lakini sweta haiutibu.