Lambert anangojea pensheni ya muzee: sheria inasema nini?

Uliza mutu wa Kabongo ao wa Kamina Lambert ni nani. Hatakuambia habari ya Muzungu, atakuonyesha nyumba. Lambert ni ule jirani mwenye kukopesha feza bila karatasi mingi: asubui unalomba, mangaribi unapata, mwisho ya mwezi unarudisha pamoja na nusu juu yake. Jina lilitoka kwa benki ya kweli ya Bruxelles, Banque Lambert, yenye iliungana na Banque de Bruxelles mwaka wa 1975. Ile benki haina kitu na hii deni ya jirani. Lakini watu wa Congo walichukua jina, na leo toka Kinshasa mupaka Katanga, “banque Lambert” ni deni ya faida kubwa: asilimia 50 kwa mwezi, pengine 100.

Wanaokopa kwa Lambert ni wengi: walimu, wauguzi, wapolisi, wachuuzi wa soko. Leo tunataka kusema juu ya wale wenye hawana tena nguvu ya kutafuta feza ingine, ni kusema wazee wenye kuishi na pensheni.

Kabongo ni muji wa reli. Njia ya Kamina kwenda Kabalo ilimalizika mwaka wa 1956, na toka siku ile watoto wa hapa waliingia kazi ya shemendefere: wengine kwenye gare, wengine kutengeneza njia, wengine kwenye masini. Wengi walizeekea mule. SNCC ilikaa miaka mingi na deni ya mishahara kwa watumishi wake, na wazee wengi walitoka kazini wakiwa tayari na deni dukani. Kiisha kazi, mutu anangojea pensheni ya CNSS, ile tuliita zamani INSS mbele ya mwaka wa 2018. Pensheni si zawadi ya Leta. Mutumishi anakatwa asilimia 5 ya mushahara kila mwezi, na kampani inapashwa kutia yake asilimia 5. Ni feza ya jasho yake mwenyewe, yenye ilingojea uzee.

Shida ni kwamba feza ile ni kidogo, na haifike kila mwezi. Mara nyingi inalipwa kwa miezi tatu tatu, na pengine inachelewa. Tumbo haina miezi tatu. Mutoto anarudishwa ku masomo, mama anashikwa na malaria, kilio inaanguka kwa ndugu, na muzee hawezi kusema “ningojeeni mupaka mwisho ya trimestre”. Benki haimukopeshe muzee mwenye hana nyumba ya karatasi. Na kwa mutu wa Kabongo, kufika Kamina ni karibu kilometa 200. Lambert iko karibu, iko na feza, na hamufukuze mutu.

Tufanye hesabu. Muzee anakopa franka 100.000 kwa asilimia 50. Mwisho ya mwezi wa kwanza anapashwa kurudisha 150.000. Pensheni haiyafika, hana kitu. Lambert hakasirike, anaongeza nusu juu ya ile yote: mwezi wa pili ni 225.000. Mwezi wa tatu ni 337.500. Ni kusema siku pensheni inafika, deni imezidi mara tatu, na muzee hakukula hata franka moja zaidi ya zile 100.000. Analipa chenye iko nacho, kile kinabakia kinaanza tena kuzaa, na kesho yake anakopa tena juu ya unga. Ni hivi mutu anafanya kazi miaka 30, halafu pensheni inakuwa ya mutu mwingine.

Juu ya kujilinda, Lambert anaomba rehani. Zamani ilikuwa radio ao kinga. Siku hizi anachukua karte ya benki pamoja na code yake, ao kitabu cha pensheni. Siku ya malipo anamusindikiza muzee mupaka ku dirisha sawa mutoto anayepelekwa masomo, ao anaenda yeye mwenyewe, na anamuachia franka za chumvi.

Na kama feza haitoshe, kunakuja vijana. Wanasimama ku kiwanja na kusema kwa sauti, juu jirani wasikie: “Muzee, lipa feza ya batu!” Wanabeba kinga, mbuzi, mabati, sufuria. Kama ile haikutosha, deni inapelekwa ku polisi. Pale OPJ anaandika convocation, na muzee anajikuta ndani ya kasho juu ya deni. Watoto wanakimbia kutafuta feza ya kumutosha, na wanaenda kukopa wapi? Kwa Lambert mwingine.

Sasa tuangalie sheria, sababu watu wengi wanafikiri yote hii ni haki ya mwenye feza.

Ya kwanza: deni si kosa la kasho. Inchi yetu iko ndani ya mapatano ya mataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa toka mwaka wa 1976, na kifungu cha 11 kinakataza kufunga mutu sababu tu hawezi kutimiza mapatano ya deni. Wanaopeleka deni ku polisi wanaibadilisha jina: wanaita “abus de confiance” ao “escroquerie”. Lakini abus de confiance ni kama nilikupa kitu ukichunge, wewe ukakiuza. Feza ya kukopa ni ya kutumia, haiko ya kuchunga. Escroquerie nayo inaomba uongo: jina la uongo, ao hila ya kudanganya mutu. Muzee aliyekopa kwa jina lake, mbele ya watu, na kushindwa kulipa, hakuiba.

Ya pili: hata mwenye kushikwa kwa kosa la kweli iko na haki yake. Kifungu cha 18 cha Constitution kinasema mutu anapashwa kuambiwa mara moja sababu ya kushikwa kwake, katika luga yenye anasikia. Kama ni Kiluba, ni Kiluba. Hawezi kukaa ku polisi zaidi ya saa 48: kiisha pale anaachiliwa, ao anapelekwa mbele ya parquet. Na kama OPJ anaomba “amende transactionnelle”, mutu anaweza kukataa na kuomba dossier ipande ku parquet. Kama analipa, aombe karatasi ya malipo. Feza bila karatasi haikuingia kwa Leta.

Ya tatu: vijana wa Lambert hawana ruhusa ya kubeba hata kijiko. Toka tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu inafuata sheria za OHADA. Kuchukua vitu vya mutu juu ya deni inaomba karatasi yenye nguvu ya tribinali, na mwenye kufanya ile kazi ni huissier. Hata yeye haingie siku ya yenga wala siku kubwa, wala mbele ya saa 8 asubui, wala nyuma ya saa 18, labda juji ameruhusu. Anayekuja usiku na kuvunja mulango si mukusanya deni. Yeye ndiye anafanya kosa, na anaweza kushtakiwa.

Ya ine: faida kupita mupaka haina ulinzi. Sheria inaazibu mwenye kukopesha kwa kutumia shida ao ujinga wa mwenzake ili apate faida ya kupita kiasi. Na juji anaweza kupunguza deni ile, muzee abakie na feza aliyopokea kweli pamoja na faida ya kawaida. Tena, hata mushahara wa kijana mwenye nguvu hauwezi kukamatwa wote: sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inaruhusu tu sehemu moja kwa tano, na moja kwa tatu kwa ule wa juu sana. Kama tribinali yenyewe haiwezi kumaliza mushahara wa mutu, namna gani Lambert atamaliza pensheni yote?

Hatuseme mutu asilipe. Dawa ya deni ni kulipa, na ule aliyetoa feza yake anapashwa kuiona tena. Wengine tunaita Lambert ni wajane wenye kuzungusha feza kidogo walioachiwa, na wao pia wanapoteza kama mutu anakimbia. Lakini kuna tofauti kati ya kurudisha feza ya mutu na kumupa maisha yako yote.

Basi, mwenye iko ndani ya deni afanye nini? Aandike ku karatasi: nilipokea ngapi, siku gani, nimerudisha ngapi. Wazee wengi wanashangaa kuona walishamaliza ile ya kwanza mara mbili. Kila malipo yawe na shahidi ao sinyature. Karte na code visitoke mukononi. Kama vilishatoka, aende ku benki kuomba code ingine. Kiisha aite Lambert mbele ya mutu wanayemuheshimu wote wawili, shefu wa quartier, pasta ao padri, wapatane kusimamisha faida na kulipa kidogo kidogo kila pensheni. Lambert wengi wanakubali, sababu wanajua ku tribunal de paix watapoteza zaidi. Kama anakataa, basi ni kule ku tribunal de paix, na ile hesabu ya karatasi njo itakuwa shahidi.

Kwa wenye hawayaingia, kuna likelemba. Watu kumi, kila moja anatoa kidogo, na zamu inazunguka. Likelemba haina faida, haina vijana wa kuvunja mulango, na mwenye kupatwa na kilio anaweza kulomba wenzake wamupatie zamu yake mbele. Inaomba kitu kimoja tu: kuanza wakati hakuna shida. Pensheni ya trimestre ikifika, franka za kwanza zitoke pale, mbele ya duka na mbele ya Lambert.

Na watoto wenye wazazi wao wanaishi na pensheni, ulizeni leo: karte ya baba iko wapi? Muzee hatasema mwenyewe, haya inamushika.