Faili Kwanza, Kifaa Baadaye

Butali, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye katika eneo la Malava, ni kituo cha miwa. Tangu kiwanda cha Butali Sugar Mills kianze kusaga mwaka 2011, kando ya miwa yenyewe imekua shughuli nyingine isiyoonekana barabarani: mikataba ya wakulima, hesabu za mizani, mikopo ya mbolea, orodha za malipo. Ongeza hapo shule za sekondari zenye alama za miaka mingi, zahanati zenye kadi za wagonjwa, na studio zenye picha za harusi na mazishi. Ofisi ndogo yenye mzigo kama huu hufika mahali ambapo kompyuta moja haitoshi, na kinachonunuliwa mara nyingi ni kisanduku kinachoitwa NAS: diski mbili au nne ndani, waya mmoja kwenda kwenye rauta, na kila mfanyakazi anafungua faili zake kutoka kwenye meza yake. Muuzaji huambatanisha ahadi tamu, kwamba diski moja ikifa kazi itaendelea. Ahadi hiyo ni ya kweli. Lakini ndiyo hiyohiyo inayowafanya wenye visanduku wamalize faili zao kwa mikono yao wenyewe siku mambo yanapoharibika, kwa sababu huwa wanakimbilia kutengeneza kifaa wakati walichotakiwa kuokoa ni data.

Ili hoja hii ieleweke, tutazame kwanza diski hizo zinavyofanya kazi pamoja. Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililopendekeza kwamba diski nyingi za bei nafuu zikifungwa pamoja zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya gharama, mradi ipangwe njia ya kustahimili diski moja inapokufa. Mpango huo waliuita RAID. Namna nyepesi ni diski mbili kuandika kitu kilekile. Namna inayopendwa zaidi kwenye visanduku vya diski nne ina ujanja zaidi, na mkulima yeyote wa miwa anaijua hesabu yake. Trekta tatu zimepita mizani leo: tani 9, tani 12 na tani 8, na chini ya ukurasa pameandikwa jumla, tani 29. Risiti ya trekta ya pili ikipotea hakuna hasara, maana 29 ukitoa 9 na 8 inabaki 12. Kisanduku nacho huandika vipande vya faili kwenye diski tatu na jumla yake kwenye ya nne, huku kikizungusha zamu ya kubeba jumla ili diski moja isielemewe. Risiti mbili zikipotea kwa pamoja, jumla haikusaidii tena. Ipo namna inayoandika jumla mbili za aina tofauti, na hiyo huvumilia vifo viwili, ila hula nafasi zaidi, na mnunuzi anayehesabu shilingi huiruka.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba maelezo ya mpangilio huo, yaani diski ipi ni ya kwanza, ipi ya pili na vipande vina ukubwa gani, kwa kawaida hayakai kwenye kisanduku. Visanduku vingi vya ofisi ndogo vinaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux, na Linux huandika maelezo hayo kwenye kila diski. Kwa hiyo radi ya alasiri, ambayo watu wa Kakamega wanaijua vizuri, ikipiga na kuchoma ubao wa umeme wa kisanduku, diski zikiwa nzima faili nazo zimo. Fundi anaweza kuzichomoa, akaziunganisha kwenye kompyuta ya kawaida yenye Linux, na mara nyingi zikajitambua zenyewe. Zipo tofauti: vifaa vyenye mpangilio wa siri wa mtengenezaji, au diski zilizofungwa kwa nenosiri ambalo hakuna anayelikumbuka. Lakini kwa kawaida taa nyekundu haimaanishi kwamba faili zimekwenda. Inamaanisha kwamba kisanduku kimeshindwa kuzifikia.

Hapo ndipo haraka inapoingia, nayo ndiyo kosa la kwanza. Diski moja imekufa, kisanduku kinalia, karani anachomoa iliyokufa, anachomeka mpya na kubonyeza kitufe cha kujenga upya. Maelekezo ya kifaa yanamruhusu, na kama kuna nakala nyingine ya faili mahali pengine, afanye hivyo bila wasiwasi. Asipokuwa na nakala nyingine, atazame hesabu. Kwa diski nyingi za kawaida, watengenezaji hutaja kiwango cha kushindwa kusoma mahali pamoja katika kila biti trilioni 100, ambazo ni takriban terabaiti 12.5. Kisanduku cha diski nne za terabaiti 4 kikijijenga upya kwa namna ile ya jumla moja, lazima kisome diski tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani terabaiti 12. Ni kweli kwamba diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi zao zinavyosema, na watu wengi wamejenga upya bila shida yoyote. Sisemi kwamba kazi hiyo lazima ishindwe. Nasema diski zilizobaki zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zimefanya kazi saa zilezile, zimepigwa na kupanda na kushuka kulekule kwa stima, na sasa zinalazimishwa kukimbia saa nyingi bila kupumzika. Hiyo si siku ya kubahatisha.

Kosa la pili ni baya zaidi, na hata mafundi wenye uzoefu hulitenda. Tuseme diski moja ilijitoa kwenye kundi mwezi Machi. Kisanduku kiliendelea kufanya kazi kama kilivyoahidi, na kwa kuwa kimewekwa chini ya meza nyuma ya maboksi, hakuna aliyeiona taa. Mwezi Juni diski ya pili ikajitoa, na kila kitu kikasimama. Fundi anazipima zote mbili, anakuta ile ya Machi inazunguka vizuri, pengine ilitolewa kwa sababu ya waya uliolegea tu, basi anailazimisha kurudi kundini. Kisanduku kinawaka na folda zinaonekana. Kila mtu anashangilia. Lakini diski ile inabeba hali ya Machi, wenzake wanabeba ya Juni, na kila hesabu ya kutoa inayogusa kilichobadilika tangu Machi inatoa uchafu. Kisanduku kikiruhusiwa kuandika, au kuanza kujirekebisha, uchafu huo unawekwa juu ya data safi. Dawa imo ndani ya diski zenyewe: Linux huweka kwenye kila diski hesabu ya matukio inayopanda kila hali ya kundi inapobadilika, na diski iliyobaki nyuma huonekana mara moja kwa namba yake ndogo. Inayotakiwa kurudishwa ni ile iliyojitoa mwisho, hata kama ndiyo inayoonekana kuugua zaidi. Kuisoma hesabu hiyo hakuchukui hata dakika tano, na hakuandiki chochote kwenye diski. Sioni sababu ya fundi yeyote kuiruka.

Kosa la tatu ni lile la kitufe. Kisanduku kisipoielewa hali ya diski zake, baadhi ya vifaa humwuliza mwenyewe kama aandae diski upya, kwa maneno ya upole kana kwamba ni huduma. Kukubali ni kuandika mpangilio mpya juu ya ule wa zamani. Mara nyingi hata hapo data yenyewe bado ipo, lakini sasa inabidi mwokoaji akisie mpangilio uliofutwa, na kazi ya siku mbili inageuka kuwa ya wiki.

Njia iliyo salama haina maajabu. Zima kisanduku. Andika kwa kalamu ya wino kwenye kila diski namba ya tundu ilimotoka. Kisha nakili kila diski nzima, biti kwa biti, kwenye diski nyingine yenye ukubwa ule au zaidi, na baada ya hapo usiziguse za awali tena. Programu ya ddrescue, ambayo ni ya bure, ilitengenezwa kwa kazi hii hasa: hukusanya kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zilizoharibika, kisha huzirudia baadaye kidogo kidogo, huku ikiandika daftari la ilikofika, ili hata stima ikipotea katikati isianze upya. Kundi linaunganishwa kutoka kwenye nakala, kwa hali ya kusoma tu. Jaribio likiharibika, unatengeneza nakala nyingine na kujaribu tena. Mfumo wa faili ukiwa umevurugika kabisa, ipo PhotoRec, nayo ya bure, inayotambua picha na hati kwa sura ya data yake bila kuhitaji orodha ya folda. Bei yake ni kwamba majina na folda hupotea, na mwenye studio atakaa wiki nzima akitenganisha harusi moja na nyingine kwa kuangalia nyuso.

Pingamizi la kwanza litakuwa la fedha: ofisi ndogo ya Butali itatoa wapi diski nne za ziada kwa ajili ya kunakili tu? Pingamizi hili lina uzito, na sitalipuuza. Lakini diski hizo hazitupwi baada ya kazi, kwa sababu ndizo zitakazobeba nakala ya akiba ambayo ofisi haikuwa nayo. Na pale bajeti ikibana kabisa, fundi anayejua Linux anaweza kunakili ile diski inayoumwa peke yake, akazisoma nyingine kwa tabaka la muda linalopokea maandishi yote mapya bila kuzigusa diski zenyewe. Si salama kama nakala kamili, lakini ni salama kuliko kubonyeza na kuomba. Pingamizi la pili ni kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa Nairobi. Kuna wakati ni kweli: diski inayogonga kwa mlio wa tik-tik, au isiyozunguka, imeumia kimitambo, inahitaji kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na hakuna kibanda kando ya barabara inayopitisha trekta za miwa kinachofaa. Kila inapowashwa inazidi kujikwangua, hivyo izimwe na ibaki imezimwa. Lakini makosa mengine niliyoyaeleza yote ni ya mpangilio, na programu za kuyatengeneza ni za bure kwa yeyote. Kakamega mjini kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kinachofundisha kompyuta. Ujuzi huu si wa kuagizwa kutoka mbali.

Kuna ambayo uokoaji hauyawezi, na hapo ahadi ya muuzaji inafika mwisho wake. Mwezi Juni 2021, wenye visanduku vya My Book Live vya Western Digital katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta vimefutwa kupitia intaneti. Vilikuwa havijapata sasisho tangu 2015. Mwaka uliofuata, wahalifu wa DeadBolt walifunga faili kwenye vifaa vya QNAP na kudai bitcoin. Mwezi Septemba 2025, moto katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma, na haikuwa na nakala mahali pengine. Diski nyingi ndani ya kisanduku kimoja hufutwa pamoja, hufungwa pamoja na huungua pamoja. Na stima ikipotea kisanduku kikiwa katikati ya kuandika, kama ilivyokatika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, kipande cha faili kinaweza kuandikwa bila jumla yake. Betri ya akiba ya kukipa kisanduku muda wa kujizima vizuri haipaswi kuhesabiwa kuwa anasa.

Kwa hiyo ofisi yenye kisanduku cha aina hii itoe diski moja ya nje kila Ijumaa, inakili faili zote, kisha diski hiyo ichomolewe na ikalale jengo lingine, si kwenye droo ya meza ileile. Kama kisanduku chako kinalia leo na huna nakala hiyo, kizime kabla ya kumpigia fundi, na ukimpata, mwulize swali moja tu: ataanza kwa kunakili diski au kwa kujenga upya? Akijibu kujenga upya, mshukuru kwa muda wake na utafute fundi mwingine.