Escudo au RAV4 kwa njia ya Mgeta?

Mkazi wa Morogoro mwenye shamba la kabichi Nyandira, huko Mgeta, akitafuta gari lililotumika, mabishano huishia kwenye majina mawili: Suzuki Escudo na Toyota RAV4. Nazungumzia yale ya mwaka 2000 hadi 2005, yenye injini ya petroli ya lita 2.0. Kwa macho ni mtu na mdogo wake. Ukiingia uvunguni, ukoo ni tofauti.

Escudo imekaa juu ya chesi, kama lori. Kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukitaka, unaunganisha na ya mbele. Nyingi zina pia hatua ya ziada, 4L, yaani gia nzito. RAV4 haina chesi inayojitegemea, bodi ndiyo chesi. Ile inayovuta kwa magurudumu yote manne huvuta hivyo muda wote, lakini gia nzito haina kabisa.

Wengi hudhani gia nzito ni ya kupandia. Kupanda inasaidia kweli, hasa kwa kuwa injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila mita 1,000 za mwinuko. Ila kwenye milima ya Uluguru mimi naithamini zaidi wakati wa kushuka. Umepakia viroba vya viazi, mvua ya masika imelainisha udongo mwekundu, na korongo liko upande mmoja. Ukiteremka kwa kukanyaga breki tu, diski zinapata moto, mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya maji yanachemka, na pedali inazama bila kushika. Escudo ikiwa 4L, gia namba moja, injini yenyewe inayazuia magurudumu yote manne, na gari linashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. RAV4 ya otomatiki ina L kwenye giaboksi, lakini haishiki kiasi hicho.

Ukigeuza uso kuelekea Dar es Salaam, kilomita 190 hivi za lami, RAV4 inashinda bila ubishi: nyepesi, imetulia, inakula mafuta kidogo, na spea zake zipo kila kona. Angalia tu injini. Nyingi za kutoka Japani zimeandikwa D-4, yaani petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake haivumilii petroli chafu ya madumu ya vijijini.

Anayeishi Kihonda, mjini Morogoro, na kwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, achukue RAV4. Wa Nyandira kila wiki, Escudo. Kabla hajalipa, alipeleke kwenye mwinuko wa Morningside, asimame, aweke nyutro, aingize 4L kisha apande taratibu akisikiliza. Asiijaribu 4L kwenye lami kavu: Escudo haina difu ya kati, magurudumu yatashindana na giaboksi itaumia.