MGANGA HAJIGANGI

Wahenga walisema, "Mganga hajigangi." Leo tuzungumze juu ya daktari wa magonjwa ya akili. Kila siku anatibu wengine. Je, akichoka yeye, nani atamtibu?

Hebu tuitazame kazi yake. Daktari akifunga mguu uliovunjika, baada ya muda mfupa unaunga. Lakini daktari wa akili kazi yake kubwa ni kusikiliza. Anamsikiliza mama aliyefiwa. Anayefuata ni kijana anayesikia sauti zisizokuwapo. Mwingine anataka kujiua. Hana sindano ya kumaliza mambo hayo kwa siku moja. Wengine hupona, kisha huugua tena. Jioni daktari anarudi nyumbani, na maneno yao bado yamo kichwani.

Mwaka 1974, mtaalamu wa saikolojia wa New York, Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya uchovu wa namna hii. Mchana alikuwa na kazi yake, na jioni alisaidia katika zahanati ya bure. Uchovu huo aliuona kwa wenzake, na yeye pia ulimpata.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili zake tatu:

1. Mtu anaishiwa nguvu, kama koroboi iliyokwisha mafuta.
2. Moyo wake unajitenga na kazi. Wagonjwa anawaona mzigo tu.
3. Hafanyi kazi vizuri kama zamani.

Shirika hilo lilisema hali hii si ugonjwa. Inatokana na shida za kazini zilizodumu bila kutatuliwa. Basi, si uvivu. Hata mwenye bidii sana hupatwa.

Sasa dawa yake nini? Daktari apate usingizi na siku za kupumzika. Azungumze na wenzake juu ya mambo yanayomlemea. Akiugua, atibiwe na daktari mwingine. Mwaka 2017, Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza jambo katika kiapo cha daktari: aitunze afya yake mwenyewe, ili aweze kuwahudumia wagonjwa vizuri.

Lakini kupumzika peke yake hakutoshi, kama akirudi anakuta foleni ni ile ile. Mzigo lazima ugawanywe. Huko Zimbabwe madaktari wa akili ni wachache. Mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi 14 wa Mbare, mjini Harare. Bibi hukaa kwenye benchi nje ya zahanati, akamsikiliza mwenye huzuni na kumsaidia kutafuta njia. Walio na hali mbaya zaidi hupelekwa kwa wataalamu.

Na sisi je? Tusingoje mpaka mgonjwa afungwe kamba. Tumpeleke zahanati mapema, dalili zikianza. Tuhakikishe anatumia dawa zake kama alivyoelekezwa, asiache kwa sababu amepata nafuu. Hivyo mgonjwa atapata nafuu, na daktari naye.

Tukijibiwa kwa ukali hospitalini, tuna haki ya kulalamika kwa mkubwa wa pale. Ila tuulize pia: daktari huyu anahudumia watu wangapi kwa siku? Ana msaidizi? Kama yuko peke yake, tudai aongezewe mwenzake.

Mganga hajigangi. Basi, agangwe na wenzake.